Swali la Saba

Sista Penseli alikuwa amefanya kazi ya uuguzi kwa miaka ishirini na tisa bila neno "sijaanguka" kumkera hata siku moja. Alilisikia kama mtu anavyosikia feni ya darini: lipo, linazunguka, na wala hulitazami.

Jina la Penseli alipewa wodini. Kalamu za wino zilikuwa zikimgomea kila alipoandika akiwa amesimama kando ya kitanda, basi akazoea kuchomeka penseli kwenye nywele, juu ya sikio la kulia. Wagonjwa wakambatiza hivyo. Hata daktari mkuu alimwita hivyo, siku akiamka vizuri. Mwenyewe hakuchukia, alisema jina la baba yake lilikuwa gumu kutamka, na hili hata mtu aliyetoka kwenye dawa ya usingizi analiweza.

Miaka kumi na minane kati ya hiyo aliitumikia katika wodi ya mifupa. Wazee waliletwa juu ya machela, mguu mmoja umefupika na unyayo umegeukia nje, na kabla hata picha ya eksirei haijarudi yeye alikuwa ameshajua: nyonga. Aliwaosha, akawageuza kila saa mbili wasipate vidonda vya kulala, akawasikiliza. Wengine walirudi makwao na mkongojo. Wengine hawakurudi. Kisha magoti yake mwenyewe yakaanza kulalamika, akahamishiwa kliniki ya wazee, chumba cha mwisho kwenye ujia wa wagonjwa wa nje, chenye mizani, viti sita na dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka.

Ni huko Mwalimu alikomkuta. Mwalimu alifundisha chuo cha uuguzi. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini hivi, mwenye miwani na sauti ya chini, mtu anayetaka kila jambo liwe kwenye mstari. Alikuwa anaanza utafiti kuhusu wazee wanaoanguka majumbani: watu mia mbili na arobaini waliozidi miaka sitini na mitano, katika mitaa mitatu inayoizunguka hospitali. Alitaka kujua ni wangapi huanguka kwa mwaka, wapi, na kwa sababu gani, ili wauguzi wawe na la kufanya kabla mtu hajafikishwa wodi ya mifupa. Alihitaji wauguzi watatu wa kwenda nyumba kwa nyumba na karatasi za maswali.

Msimamizi wa kliniki hakusita. "Mchukue Penseli," alisema. "Huyu hata jiwe litamsimulia lilikotoka."

Wakapewa mafunzo siku tano. Mwalimu alisimama mbele yao na karatasi yenye maswali arobaini na moja. "Swali lisomeni kama lilivyoandikwa," alisema. "Msiongeze, msipunguze, wala msimsaidie mtu kujibu kwa kutikisa kichwa. Kwanza mweleze mzee utafiti ni wa nini, atie saini ya kukubali, ndipo uanze. Na dada yangu," akamgeukia Sista Penseli, "kwa kalamu ya wino, tafadhali."

Wote wakacheka. Sista Penseli akachomoa penseli kichwani na kuitia mfukoni, kama mtu anayevua kofia mlangoni.

Kazi yenyewe aliipenda. Alipenda kupiga hodi na kukaribishwa, kuamkia na kuitikiwa, kuoneshwa picha za wajukuu na dawa zilizofungwa kwenye kitambaa. Wazee walijibu maswali kwa moyo mmoja. Unaona vizuri? Naona kiasi. Unatumia dawa ngapi kwa siku? Tatu, nne nikikumbuka. Halafu linakuja swali la saba: "Je, katika miezi kumi na miwili iliyopita, umewahi kuanguka?"

"Sijaanguka."

Mmoja baada ya mwingine. Sijaanguka, mwanangu. Mimi? Sijaanguka. Baada ya wiki tatu wauguzi wote watatu walikuwa wamewaona wazee sitini na wanne, na walioitikia kwamba walianguka walikuwa watatu tu. Mwalimu aliitazama hesabu hiyo kwa muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Tafiti za wenzake wa huku na huko zilisema huanguka hata mmoja kati ya watatu.

"Labda mitaa hii ina bahati," alisema, lakini alisema kama mtu asiyejiamini.

Sista Penseli alikuwa anafikiria machela.

Siku ya pili yake alimtembelea fundi cherehani mmoja, mzee wa miaka sabini na minane, aliyestaafu kwa maneno tu, maana cherehani ilikuwa bado dirishani na suruali ya mtu imelazwa chini ya sindano. Chumba kilikuwa kidogo na safi. Kulikuwa na kitanda, kabati la nguo lenye kona kali, kigoda, na vipande vya kitambaa vimekunjwa kwa rangi. Mzee alikuwa na kovu bichi juu ya jicho la kushoto, refu kama kiungo cha kidole, bado jekundu pembeni.

Wakafika swali la saba.

"Sijaanguka," alisema fundi, bila hata kuinua macho.

Sista Penseli akatia alama panapostahili. Akaendelea hadi swali la arobaini na moja, akafunga faili, akashukuru. Fundi akamwekea chai. Hapo ndipo alipouliza, kama mgeni anavyoweza kuuliza: "Na hilo kovu, baba?"

"Hili? Hili ni la kabati."

"Kabati lilikufanya nini?"

"Lilinipiga."

"Lilitoka pale lilipo, likaja kukupiga?"

Fundi akatabasamu upande mmoja. "We binti una maneno. Nilikuwa nimekaa hapo kwenye kigoda, natafuta kifungo. Nikainuka. Miguu ikakataa. Nikajikuta chini, na kabati likawa njiani."

Sista Penseli akaweka kikombe mezani. "Sasa baba yangu, hiyo siyo kuanguka?"

"Kuanguka!" Mzee alishtuka kweli kweli, kama aliyetukanwa. "Kuanguka ni wale wenye kifafa, mtu anatoka povu watu wanamzunguka. Au mlevi. Mimi miguu ilikataa tu. Kuanguka siyo."

Alikunywa chai kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, ingawa hapakuwa na mtu mwingine: "Halafu ukiandika nimeanguka, karatasi itafika kwa mwanangu. Atakuja na gari, atanibeba hadi kwake, ghorofa ya tatu. Cherehani itabaki huku. Nitakaa kwenye kochi natazama televisheni mpaka nikauke. Bora kovu."

Sista Penseli alitembea kurudi kliniki polepole. Miaka ishirini na tisa! Hivi alikuwa akiwauliza watu nini miaka yote hiyo? Ugonjwa wa kuanguka, hivyo ndivyo hata mama yake alivyokiita kifafa. Nao wazee hawakuwa wanadanganya. Waliulizwa kama wana ugonjwa wa aibu, wakajibu hapana.

Machale yakamcheza. Akanunua daftari dogo, na kuanzia siku hiyo akawa na kazi mbili. Kwanza alisoma swali la saba kama lilivyoandikwa na kuandika jibu kwa wino. Faili likishafungwa na chai ikishamiminwa, alianza mazungumzo yake, na alipotoka tu nje, penseli ilirudi kazini. Aliandika maneno yao vilevile. Niliteleza. Niliyumba. Kizunguzungu kilinivuta. Nilikaa chini bila kupenda. Bibi mmoja, aliyekuwa karani wa posta, alimwambia: "Mimi sikwenda chini. Sakafu ndiyo ilinifuata." Kati ya wazee thelathini na mmoja waliojibu "sijaanguka", kumi na wawili walikuwa wamefika sakafuni ndani ya mwaka ule, baadhi yao zaidi ya mara moja.

Akampelekea Mwalimu daftari akiwa na furaha ya mtoto aliyepasi mtihani.

Mwalimu alisoma kurasa nne. Kisha akalifunga daftari na kuweka kiganja juu yake. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini si kama Sista Penseli alivyotarajia.

"Dada, hawa watu walitia saini ya kujibu maswali arobaini na moja," alisema. "Haya ya kwenye daftari waliyasema kwa mgeni wakati wa chai. Hawakuyasema kwa utafiti. Umeyakusanya bila ridhaa yao."

"Lakini Mwalimu, ndiyo ukweli wenyewe huo."

"Najua ni ukweli."

"Kwa hiyo nilikosea kusikiliza?"

"Kusikiliza hukukosea. Kuandika ndiko ulikokosea." Mwalimu hakupandisha sauti, na hilo liliuma zaidi. "Kama mmoja wao akijua kwamba alichosema kwa siri kiko kwenye daftari la muuguzi, nani atamfungulia mlango mwenzako kesho? Niachie hili. Wiki hii usiende mitaani. Nahitaji kufikiri."

Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kusimamishwa hata nusu siku. Alitoka akiwa ameshika faili kifuani, akawapita wenzake wawili bila kuwaaga, na siku iliyofuata alishinda nyumbani akifua vitu vilivyokuwa safi. Kilichomkera hasa ni kwamba Mwalimu alikuwa sahihi. Alimkumbuka fundi akishusha sauti ndani ya chumba chake mwenyewe. Kule kushusha sauti alikuandika pia, kwenye ukurasa wa pili, kwa penseli yake.

Jumatano asubuhi, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, alikwenda kwa mama yake.

Mama yake alikuwa na miaka themanini na mmoja. Aliishi peke yake katika vyumba viwili na ua mdogo wa saruji, mwendo wa nusu saa kutoka kwa binti yake. Mumewe alikuwa amefariki miaka kumi iliyopita, na tangu hapo alisema anafaidi kitu kimoja tu: redio inasikilizwa anavyotaka yeye. Sista Penseli alimtembelea kila Jumapili mchana. Jumapili mama alikuwa tayari amevaa, amekaa kwenye kiti chake, chai iko kwenye chupa. Na kila Jumapili binti aliuliza, "Mama, hujaanguka?" na mama alijibu, "Sijaanguka," wakaendelea na habari nyingine.

Jumatano ile hakutarajiwa. Alipiga hodi, akasikia "karibu" kutoka mbali, akangoja. Akangoja tena. Mlango ulipofunguliwa, mama alikuwa amesimama akiushika ukuta kwa mkono mmoja na fremu ya mlango kwa mwingine, na mguu wa kulia aliugusisha chini kama anayekanyaga sakafu ya moto.

"Shikamoo mama. Umefanya nini mguu?"

"Marahaba. Nimelala vibaya."

"Umelala vibaya kwenye nini?"

"Kitanda kina bonde. Leo siyo Jumapili, kuna nini? Umefukuzwa kazi?"

Mama alikuwa hivyo, akibanwa naye anabana. Sista Penseli alimshika kiwiko, akamkalisha kitandani, na kwa ruhusa iliyotolewa kwa kukunja uso akainua nguo. Kuanzia nyongani hadi katikati ya paja kulikuwa na alama kubwa iliyovilia damu, zambarau katikati na njano pembezoni. Ya siku tatu nne, jicho la kazi lilimwambia. Aliubonyeza mfupa taratibu, akaugeuza mguu ndani na nje, akausukuma unyayo. Mguu haukuwa umefupika. Mama alikunja midomo lakini hakupiga kelele.

Sista Penseli alitaka kusema mambo kumi kwa mpigo. Badala yake akavuta kigoda, akakaa chini kuliko mama yake, akauliza polepole:

"Mama. Lini mara ya mwisho ulijikuta chini bila kutaka?"

Nje jirani alikuwa akifagia. Mama aliangalia mikono yake, akaigeuza, akaangalia viganja.

"Unataka ya lini?" alisema mwishowe. "Ya Jumapili ulipoondoka, au ya mwezi uliopita?"

Zilikuwa mara nne tangu mwaka uanze. Mara mbili uani, mara moja bafuni, mara moja hapo hapo kando ya kitanda. Katika mojawapo alikaa sakafuni tangu chai ya asubuhi mpaka jua likaingia dirisha la pili, akisikiliza redio, kwa sababu hakuweza kuinuka na hakutaka kumwita jirani.

"Basi," alisema Sista Penseli, akasimama. "Leo unahamia kwangu. Nikukusanyie nguo. Sitaki mjadala."

"Umeona?" Mama hakukasirika. Alionekana kuchoka tu. "Ndiyo maana."

Maneno mawili tu, nayo yakamrudisha kwenye kigoda. Hata yeye, anayesimuliwa na mawe, hili hakuwa amelielewa. Kubadilisha neno kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa hii: ni nini kinachompata mzee akishasema kweli. Sekunde moja tu baada ya mama yake kufungua kinywa, yeye alikuwa ameshaanza kumfungashia mizigo.

"Mama, nisamehe," alisema. "Nimekurupuka. Huendi popote bila wewe kutaka. Nioneshe tu zilipotokea."

"Kweli?"

"Kweli."

"Apia."

"Mama jamani, nina miaka hamsini na miwili!"

"Apia."

Akaapa. Ndipo mama akashika bega lake na wakaizunguka nyumba ile ndogo kama wakaguzi wawili wa serikali. Mama alionesha kizingiti cha kutokea uani, kilichopanda kuliko ngazi yenyewe. Alionesha kandambili zake, ambazo soli zake zilikuwa zimelika hadi kung'aa. Alionesha mahali pa kuogea, pasipo na kitu cha kushika isipokuwa bomba, nalo linacheza. Na alieleza asubuhi zake: huamka, humeza vidonge viwili vya presha palepale kitandani, kwa funda moja la maji na kabla ya chai, kisha huinuka upesi kwenda kufungua mlango wa uani.

"Kwa nini upesi?"

"Kwa sababu nimeamka."

Sista Penseli alikuwa na kipimo cha presha kwenye mkoba. Akamlaza mama dakika tano, akapima: kipimo cha juu mia moja arobaini na mbili. Akamsimamisha, akamshika kiuno, akapima tena: mia moja na nane. Mama akasema ukuta unatembea. Akamkalisha haraka.

Alasiri ile ile walikwenda hospitali. Picha ya eksirei haikuonesha mfupa uliovunjika. Daktari wa kliniki akapunguza kidonge kimoja, kingine akakihamishia jioni, na akamwelekeza mama akae ukingoni mwa kitanda mpaka ahesabu hamsini kabla ya kusimama. Mama akauliza kama anaweza kuhesabu kwa haraka. Daktari akacheka. Mama hakuwa anatania.

Siku iliyofuata mdogo wake Sista Penseli, fundi wa mabomba, alikuja na vyuma viwili vya kushika bafuni, akavipigilia ukutani, akachonga kizingiti kwa patasi. Naye alitaka kuleta habari ya kuhama. Dada yake akamkata jicho, naye akanywea.

Jumamosi simu ikalia. Ilikuwa Mwalimu.

"Daftari lako nimelifungia kabatini," alisema bila kuzunguka. "Sitatumia hata mstari mmoja. Lakini nimeandika barua kwa kamati ya maadili ya utafiti, naomba tubadilishe swali la saba, tena litungwe na wazee wenyewe. Nimewaeleza kosa la daftari, na pia ni nani aliyegundua kasoro ya swali. Unarudi Jumatatu?"

"Narudi," alisema Sista Penseli. Kisha akaongeza, "Mwalimu, siyo swali tu. Inabidi tuwaambie pia jibu haliendi kwa nani."

"Endelea," alisema Mwalimu.

Kamati ilichukua wiki tano kukubali. Sista Penseli akawarudia wote thelathini na mmoja, akawaeleza alichofanya na daftari, akawaomba radhi. Wawili walikasirika na kujitoa, na mmoja wao hakumkaribisha tena. Fundi alimtazama sana, akasema, "Ungeniambia tu," na hilo lilimkaa rohoni kuliko mlango uliofungwa.

Hata hivyo fundi alikuja. Wazee wanane walialikwa kliniki kutunga swali upya, wakakaa kwa duara, miavuli na mikongojo imeegeshwa kwenye mizani. Mwalimu alisoma swali la saba kwa sauti yake ya chini.

"Hilo ni swali la polisi," akasema yule karani wa posta.

"Toeni hilo neno la kuanguka," akasema fundi. "Mtu akilisikia anaanza kujitetea."

"Tuseme kuteleza?"

"Wengine hawatelezi. Mimi sijateleza, miguu ilikataa."

"Basi tuyataje yote."

"Yote? Swali litakuwa refu kama hotuba."

"Na liwe. Tuna haraka ya kwenda wapi?"

Wakacheka mpaka msimamizi akachungulia mlangoni. Walibishana saa mbili nzima. Mzee mmoja, dereva wa zamani, alilala katikati ya mjadala, akaamka, akatoa wazo zuri kuliko yote: kwamba swali lianze kwa kusema jambo hili huwapata watu wengi, ili anayejibu asijione peke yake. Mwalimu aliandika kila neno. Jioni walikuwa na swali jipya:

"Watu wengi wa umri wako hujikuta chini bila kutaka: kwa kuteleza, kujikwaa, kuyumba, kizunguzungu au miguu kukataa. Wewe mara ya mwisho ilikuwa lini?"

Na juu yake, kwa herufi kubwa, fundi alidai liandikwe hili: JIBU LAKO HALITAPELEKWA KWA MTOTO WAKO WALA KWA MTU YEYOTE WA NYUMBANI KWAKO, ISIPOKUWA UKITAKA MWENYEWE.

Wakaanza upya kwa saini mpya. Miezi saba wauguzi watatu walizunguka mitaa ile, na safari hii kila aliyesema amewahi kujikuta chini aliulizwa swali moja zaidi: angependa muuguzi aizunguke nyumba pamoja naye? Kati ya wazee mia mbili na thelathini na wanane, themanini na saba walisema ndiyo, wamefika sakafuni ndani ya mwaka. Kwa zaidi ya nusu yao ilikuwa asubuhi, kati ya kitanda na chai. Waliokuwa wamemwambia mtu yeyote nyumbani walikuwa kumi na mmoja.

Matokeo yalisomwa kwenye ukumbi wa hospitali. Mwalimu alitaka Sista Penseli asimame naye mbele, na jina lake liandikwe kwenye ripoti baada ya la Mwalimu mwenyewe. Sista Penseli alivaa viatu vilivyombana na akajikaza kisabuni. Mambo yalikwenda vizuri mpaka daktari mmoja wa upasuaji, aliyefanya naye kazi wodi ya mifupa, alipoinua mkono.

"Samahani, sista. Swali lenu ni kama linamvuta mtu kukubali. Hamwoni mliwafundisha wazee kusema walianguka?"

Mwalimu alifungua mdomo, lakini Sista Penseli alikuwa ameshaanza.

"Daktari, hofu hiyo tulikuwa nayo," alisema. "Ndiyo maana aliyesema ndiyo tulimuuliza wapi, saa ngapi, na alishika nini akainuka. Mtu anayetunga hakumbuki alishika nini. Hawa walitupeleka mpaka mahali penyewe. Na wewe na mimi tumewapokea wangapi na mguu umefupika, wote wakiwa hawajawahi kuanguka?"

Daktari alifikiri. "Wengi," alisema, akashusha mkono. Baada ya kikao alikuja kuomba nakala ya swali, akaibandike kwenye chumba chake.

Kliniki ya wazee ikaanza kulitumia kwa kila anayeingia. Chuo kikaliingiza kwenye mafunzo. Fundi cherehani aliwekewa kiti cha kimo kizuri badala ya kigoda, akakilalamikia mwezi mzima, kisha akakishonea mto. Mwanawe alikuja siku moja kumwona Sista Penseli na kuuliza hali ya baba yake, naye akamjibu kwa heshima kwamba aende akamuulize mwenyewe, tena amuulize vizuri. Alikwenda. Walizungumza nini, hakujua, na hakuandika popote.

Mama yake alikaa mwaka mzima na miezi miwili bila kugusa sakafu. Kisha asubuhi moja ya mvua simu ikaita Sista Penseli akiwa anapima uzito wa mgonjwa.

"Nipo chini," alisema mama. "Jikoni. Nimejikagua mguu, nikiusukuma hauumi. Usije mbio, barabara inateleza. Njoo taratibu."

Alimkuta ameegemea kabati la vyombo, simu mapajani, kanga imetandazwa miguuni kuzuia baridi ya saruji. Mlango hakuwa ameufunga kwa komeo, ndivyo walivyokubaliana tangu Jumatano ile. Sista Penseli akapiga magoti kwa shida, akampapasa nyonga, kiuno, viganja. Hakuna kilichovunjika. Akamwelekeza: kwanza ugeuke ubavu, halafu magoti, halafu ushike kiti.

"Ngoja," alisema mama. "Kabla hujaniinua. Ingiza mkono chini ya kabati, huko nyuma kabisa. Kuna kijiko changu kikubwa. Nimekitafuta tangu mwezi wa tatu, na leo nimekaa nakitazama hapa kikinichungulia."

Sista Penseli akalala kifudifudi juu ya saruji, akanyoosha mkono mpaka bega likagota, akakitoa kijiko pamoja na vumbi lake. Mama akakipokea, akakifuta kwa ncha ya kanga, akakiweka juu ya kiti.

"Haya," alisema. "Sasa niinue."